Muulize Shangazi: Faili Linamuulizia Mume wa Kwanza

Wiki hii barua nyingi zimetoka kijiji cha Namawala. Nilitegemea mafuriko, ng'ombe kwenye mashamba ya mpunga na ugomvi wa mawifi. Nimekuta Excel. Haya, ndoa ni ndoa.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga. Kila nikifungua faili letu la mauzo linaniuliza kama nataka kusasisha viungo vya nje. Nikibonyeza Update, linasema limeshindwa. Nikibonyeza Don't Update, linafunguka vizuri na mahesabu yote yapo. Nimezoea hilo la pili. Katibu aliyekuwepo kabla yangu ndiye aliyelitengeneza, naye kahamia Mlimba na kompyuta yake. Kuna ubaya?
*Katibu Aliyechoka*

Marahaba mwanangu. Ubaya upo, tena umekaa kwenye bei. Simama kwenye seli ya bei ya gunia, halafu tazama juu kwenye mstari wa fomula. Badala ya namba utakuta kitu cha namna hii:

='C:\Users\Katibu\Desktop\[Bei.xlsx]Saro5'!$C$4

Isome taratibu. Jina lililo ndani ya mabano ya mraba ni faili jingine kabisa, na hiyo Desktop ndiyo iliyopanda gari kwenda Mlimba. Faili umelioa wewe, lakini kila asubuhi linamuulizia mume wa kwanza. Asipopatikana, Excel haiachi seli tupu. Inakuwekea bei ya mwisho iliyoihifadhi. Ndiyo maana unaona mahesabu "yapo". Yapo, ila ni ya msimu aliohama mwenzako, na wanachama wako wanalipwa kwa bei hiyo hiyo wakati mnunuzi amekuja na nyingine. Siku wakijua, hawataenda kuigombeza Excel.

Ingia Data, kisha Edit Links. Kwenye matoleo mapya imeandikwa Workbook Links. Hapo utaona orodha ya mafaili yote yanayotegemewa. Mpigie mwenzako wa Mlimba. Kama faili la bei bado analo, akutumie, liweke folda moja na hili la mauzo, kisha tumia Change Source kulielekeza kwenye makazi yake mapya. Yakiwa folda moja, unaweza kuibeba folda nzima kwenye fleshi hadi Ifakara mjini na kiungo kisikatike. Watu huharibu wanapobeba faili moja na kuliacha la pili nyumbani.

Akikwambia faili lilishafutika, bonyeza Break Link. Lakini elewa unachofanya: hii si talaka rejea. Kila fomula iliyokuwa ikichota kule inageuka namba kavu, na Undo haikurudishii. Hifadhi nakala kwanza. Ukishaachana naye, andika bei mpya kwa mkono, na pembeni yake tarehe.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa taaluma. Lile swali lilinikera, nikaingia Options, Advanced, nikaondoa tiki kwenye "Ask to update automatic links". Kwangu limenyamaza. Kwa mkuu wa shule bado linauliza, naye anasema nimemtumia kirusi.
*Mwalimu, njia ya Idete*

Mwalimu, hapo umefanya mambo mawili na unajua moja tu. La kwanza, tiki ile ni ya mashine yako. Haisafiri na faili, ndiyo maana mkuu bado anaulizwa. La pili ndilo linalonitisha. Ulidhani umeiambia Excel iache kusasisha. Hapana, umeiambia isasishe bila kukuuliza, na si faili hili tu, ni kila faili utakalolifungua, hata lile la kutumiwa WhatsApp na mtu usiyemjua. Rudisha tiki leo hii, kabla ya chai ya saa nne.

Unachokitafuta ni Startup Prompt, kitufe kilichomo ndani ya Edit Links. Hicho hukaa na faili lenyewe, na kina chaguo la kutouliza na kutosasisha. Lakini usilichague mpaka umehakikisha kwamba alama za watoto zilizomo ni za muhula huu. Na mkuu wako umpe pole; kuogopa faili linaloomba ruhusa ya kwenda nje ni akili, si ushamba.

Shangazi, naingiza data za mitego ya mbu. Nimekata viungo vyote na orodha ni tupu, lakini bado linauliza!
*Kijana wa Mitego*

Namawala nawajua. Mbu wenu wanahesabiwa na watafiti wa Ifakara kwa zaidi ya miaka 30, sishangai kwamba mna mafaili yenye ukoo mrefu. Kiungo kimejificha. Bonyeza Ctrl na F3, utazame majina yaliyotajwa zamani yakielekea faili jingine, uyafute. Halafu kagua orodha za kuchagua ndani ya seli (majina ya vitongoji, naweka dau), rangi zinazobadilika kwa masharti, na grafu. Orodha za kuchagua mara nyingi ndizo wakosaji.

Shangazi, faili lenye viungo naweza kumtumia mnunuzi wa Dar? Haoni mafaili yangu mengine, sivyo?
*Mweka Hazina*

Sivyo. Excel huhifadhi ndani ya faili nakala ya thamani inazozichota nje. Kama VLOOKUP yako inasoma jedwali zima la wanachama, jedwali hilo linaweza kuwa limesafiri lote, na madeni yao. Badili mwisho wa jina la nakala kutoka .xlsx kuwa .zip, lifungue, kisha tazama folda ya externalLinks ndani ya xl. Ukishajionea, kata viungo kwenye nakala ya mnunuzi, au mtumie PDF.

Kwa wengine wote mnaoniandikia: barua nazipokea, mafaili msinitumie. Wiki hii nimesoma madeni ya watu watatu ninaosali nao.