Ombi la Faili Langu Kulazwa Wodini

Kwa Afisa Mhusika,
K.K. Masjala,
K.K. kabati la chuma lisilo na ufunguo,
K.K. yeyote atakayekutwa ofisini.

YAH: OMBI LA FAILI LANGU KULAZWA WODINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea barua yangu ya mwaka 2021, ile ya kuikumbusha ya 2022, ile ya kukumbusha ukumbusho ya 2023, pamoja na nakala mlizoniagiza nizilete upya kwa kuwa za mwanzo "hazionekani". Jina la ofisi yenu silitaji. Watumishi wenzangu, kuanzia Maganzo hadi Ukenyenge, wameshaitambua kwa hilo kabati.

Mimi ni muuguzi mkunga, hapahapa Kishapu. Nilianza na cheti, nikaongeza stashahada, nikaongeza shahada, kila hatua nikiwa na mtoto mgongoni au tumboni. Mwaka 2021 watoto walikuwa wamekwisha kukua, mimi nina miaka 47, nikaomba ruhusa ya kwenda kusoma uzamili wa ukunga. Chuo kikanikubali. Ninyi mkasema njoo wiki ijayo, na masomo yakaanza bila mimi. Nikaomba tena, chuo kikanikubali tena. Bosi alikuwa Dodoma kikaoni. Mara ya tatu bosi alikuwepo, ila faili ndilo halikuwepo.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye benchi lenu. Kijana wa masjala ana adabu zake, tena sana. "Shikamoo bibi," akasema, "mjukuu ndiye anayeomba chuo?" Marahaba mwanangu, anayeomba ni mimi. Akanitazama, akatazama tarehe ya kuzaliwa, akaanza kuhesabu kwa vidole. Una 51. Ukisoma miaka miwili, 53. Kustaafu kwa hiari 55, kwa lazima 60. "Sasa mama, hapo si serikali itapata hasara?"

Mwanangu, barua hiyo niliileta nina 47. Hiyo miaka minne nimezeekea hapo mbele yako. Mmenikalisha mpaka mvi zikatoka, kisha mvi hizohizo mnazigeuza kiambatanisho cha kunikatalia. Mwizi akikuibia ng'ombe hakuulizi kwa nini huna maziwa. Ninyi mnauliza, tena mnaniuliza kwa shikamoo.

Samahani. Nilikuwa naomba kwa unyenyekevu.

Maombi yangu madogo ni haya: benchi la koridoni litafutiwe mguu wa nne, maana magoti yangu ndiyo yamekuwa yakifanya kazi hiyo. Neno "wiki ijayo" liwekewe tarehe. Na cheti changu cha kuzaliwa kisidaiwe tena. Nilizaliwa nyumbani mwaka 1974, Operesheni Vijiji imepamba moto, baba akihamisha mtama na miti ya kuezekea, na hakuna aliyekumbuka kalamu. Wakala wa usajili, RITA, walishakihakiki cheti nilichokuja kukipata baadaye, na tangu siku hiyo sijazaliwa upya.

Ombi kubwa ni moja. Naomba faili langu lilazwe.

Lipewe kitanda, si lazima chenye chandarua. Lifungwe utepe mkononi wenye jina na namba, ili lisichanganywe na faili la mtu aliyefariki kama ilivyotokea 2023. Asubuhi lipimwe joto na mapigo, na aliyepima aandike jina lake na saa, si "limeonekana". Kwa kuwa limelalia ubavu mmoja miaka minne, naomba ligeuzwe kila baada ya saa mbili, lipanguswe mgongo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, maana najua vidonda vya mgonjwa asiyegeuzwa vinavyonuka. Zamu ikibadilika, anayetoka asimame kando ya kitanda na kumkabidhi anayeingia: huyu ni Ruhusa ya Masomo, aliingia 2021 akitembea mwenyewe, dokezo la kwanza alipewa, la pili anasubiri. Ndugu waruhusiwe kuliona saa za jioni. Nitaliletea uji, na michembe kama daktari hajakataza.

Likifa, msilifiche. Sisi tukifiwa na mgonjwa tunaandika saa ya kifo na sababu yake, kisha tunawaita ndugu, tunawaketisha, tunawaambia. Nami niiteni. Nitasaini, nitalibeba, nitalizika chini ya mbuyu, nitaanua matanga, na maisha yataendelea. Kinachoniua ni kuambiwa kila wiki kwamba mgonjwa anaendelea vizuri wakati kitanda ni kitupu.

Huku kwetu vitu vizito havijawahi kushindwa kuhama. Mwaka 1947, hapahapa Mwadui, iliokotwa almasi ya waridi ya karati 54 na nusu. Ikatolewa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth, ikaenda zake London. Barua yangu ni karatasi kumi na moja, na imeshindwa kuvuka korido.

Kwenye partografu niliyozoea kuijaza mama anapokuwa na uchungu kuna mstari unaoitwa wa tahadhari. Saa nne mbele yake upo wa hatua. Mama akiufikia huo wa pili, hatumwambii bosi yuko kikaoni. Nimeshika tochi mdomoni, mikono yote miwili imejaa damu ya mke wa mtu, usiku, peke yangu zamuni, na sikuwahi kumwambia arudi wiki ijayo. Vifo vya uzazi nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16. Wa 2022 ulikuta 104. Mnasoma takwimu hiyo kwenye hotuba, mnapiga makofi. Hao 104 ndio niliotaka kwenda kuwasomea. Ninyi mnapiga hesabu ya hasara kwa vidole.

Basi, nisiwachoshe. Najua mna kazi nyingi, na kabla ya saa sita mna chai.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Muuguzi Mkunga, mwombaji (zamani kijana).

Nakala: Kijana wa masjala – marahaba.
Nakala: Benchi.
Nakala: Faili, likionekana.