Amina ya Laki Moja

Ukifungua menyu ya vifurushi kwenye simu, utadhani unagawiwa mirathi. Kuna GB za mchana, GB za usiku wa manane, za YouTube, za WhatsApp, na zile za "mitandao yote", ambazo ndizo ghali na ndizo zinazotangulia kwisha. Kuna siku nilinunua bando nono kwa bei ya kuchekesha, kumbe sehemu kubwa inafanya kazi kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri. GB hizo zinawafaa walinzi na watoto wachanga.

Ukoo wetu unaishi kwa kifurushi cha WhatsApp peke yake. Ni rahisi, na salamu zinafika. Kasheshe huanza mtu akirusha linki ya YouTube kwenye grupu. Unaona kichwa cha habari na kapicha kadogo. Ukigusa tu unatolewa nje ya WhatsApp, na huko nje huna hata MB moja. Basi tumekuwa mabingwa wa kuchambua vipicha. Tuliwahi kuomboleza ajali jioni nzima, kumbe ilikuwa tamthilia ya Kituruki.

Wataalamu wana jina la jambo hili: usawa wa mtandao. Anayekuuzia njia asikuchagulie pa kwenda, wala asikutoze kwa kuangalia unakokwenda. Na kweli, MB ya video ya YouTube haina uzito zaidi ya MB ya video ya WhatsApp. Tofauti anaitia muuzaji. India hawakulichukulia kwa utani. Februari 2016 mdhibiti wao alipiga marufuku bei zinazobadilika kulingana na maudhui, na Free Basics ya Facebook, iliyokuwa ikigawa kurasa chache bure, ikafunga virago nchini humo. Uganda nako, Julai 2018, serikali yenyewe ndiyo iliyobagua: kodi ya shilingi 200 kwa siku ukitaka kuingia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia VPN kuikwepa. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwenye data. Angalau sasa anayesoma habari na anayepiga umbeya wanaumia sawasawa.

Sisi bado tuna vipicha vyetu. Juzi shangazi alirusha linki. Kwenye kapicha amevaa kitenge kipya, macho juu, viganja vimekutana kifuani. Chini ameandika: "Ndugu zangu, nisikilizeni."

Nani amsikilize, na kwa bando lipi? Majibu yalimiminika hata hivyo. "Amina, shangazi." "Amina kubwa." Baba mdogo, asiyependa kupitwa na jambo la kiroho, akaandika, "Amina, dada, tena amina!"

Asubuhi mweka hazina wa kamati ya harusi akabandika orodha. Kumbe kwenye video shangazi alikuwa akiomba michango ya harusi ya binamu yetu, na alitamka wazi kwamba anayeahidi laki moja aandike amina. Baba mdogo aliandikiwa laki mbili. Mimi sikuwamo, bando langu lilikatika tangu adhuhuri.

Baba mdogo alituma sauti ndefu ya kupinga, akataja hadi mahakama. Shangazi hakubishana. Alirusha linki nyingine, chini yake akaandika: "Majibu yote yamo humu."

Tangu hapo grupu liko kimya. Hakuna aliyeifungua, na hakuna anayethubutu kuandika amina.