Kufuga Kuchi Uani: Vituko Saba, Kuanzia cha Kusamehe Hadi cha Kukukosesha Usingizi

Mpangilio huu umetolewa na jaji mmoja, ambaye ni mimi, na rufaa hazipokelewi. Kubisha ruksa. Kwa ambaye hajawahi kumwona, kuchi ni kuku wa kienyeji mwenye umbo kubwa, anayejulikana zaidi Mwanza, Shinyanga, Tabora na pwani hadi Lamu. Kuchi halisi anazidi kuwa adimu kwa sababu kila mtu siku hizi anataka chotara. Kama umeamua kumfuga na kutunza mbegu yake, haya ndiyo yanayokusubiri.

7. Sura yake

Shingo ndefu, miguu mirefu, mdomo mfupi uliopinda, upanga mdogo uliolala kichwani, na manyoya machache kiasi kwamba kifuani unaona ngozi. Anasimama wima na kukutazama usoni. Wageni watakuuliza kama anaumwa. Watafiti wa vinasaba wamekuta ukoo wake uko karibu na shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Usishangae: hata "kuku wa Malawi" anayeuzwa mtaani asili yake ni Australia. Kuku hawana habari na mipaka, uraia tunawapa sisi.

Hukumu: hasumbui, anatisha tu.

6. Kukua kwa madaha

Broila wiki ya sita yuko kwenye sahani na chipsi. Kuchi wiki ya sita ni miguu miwili na njaa. Jogoo aliyekomaa hufika kilo 2.5 na kuzidi, ila kwa ratiba anayoijua mwenyewe.

Hukumu: mwenye marejesho ya mkopo Ijumaa apite mbali.

5. Mayai

Hapa ndipo wenye kuku wa mayai wanapotoa kikokotoo. Sawa, hesabuni. Mtagaji wa kisasa anakaribia mayai 300 kwa mwaka. Kuchi anataga mtago wake, kila yai gramu 45 hivi, kisha anaatamia na hataki kuulizwa. Mwili wote ule, yai lile!

Na uzito wake unaweza kuyapasua hayo machache. Wajanja huyahamishia kwa mama mdogo mtulivu. Ching'wekwe wa Morogoro na Dodoma anaifaa sana kazi hiyo. Siku ya saba ingia na yai gizani, washa tochi ya simu, lishike juu ya mwanga. Ukiona doa jeusi na mishipa myekundu inayotawanyika kutoka hapo, kuna kifaranga. Yai likiangaza lote kweupe, halina mbegu, litoe. Siku ya 21 wanaanguliwa, na baada ya wiki kadhaa utamwona ching'wekwe akiongoza msafara wa watoto wanaomzidi kimo, na bado anawafokea.

Hukumu: ukitaka trei, nenda dukani ukanunue trei.

4. Vifaranga uchi

Wanachelewa kuota manyoya, kwa hiyo kwenye kinengunengu, chumba cha kulelea vifaranga, watakaa muda mrefu kuliko vifaranga wa jirani. Kipimajoto si lazima, watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, umewazidishia. Wakitawanyika wakila, nenda ukalale.

Hukumu: bili ya umeme itasoma kuliko wewe.

3. Chanjo ya kideri

Chanjo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Rahisi, mpaka ukumbuke ni jicho la nani. Fanya usiku akiwa ameshapanda kulala. Kamata miguu yote miwili kwanza, bana mabawa kwenye mbavu zako, geuza kichwa upande, dondosha, kisha subiri apepese. Ukimwachia kabla hajapepesa, umechanja sakafu.

Hukumu: lazima. Kideri hakiulizi ukoo.

2. Ugomvi

Mapora wanaanza kutunishiana shingo kabla hawajajua kuwika. Majogoo wawili wasikae banda moja, na ikiwezekana wasionane kabisa: gunia lililotundikwa kati ya mabanda huokoa macho na vidole. Kioo cha bodaboda nacho kifunike, maana aliyemo ndani ya kioo harudi nyuma na wako hatakubali kushindwa.

Na wewe unayenong'ona "tuwapambanishe kidogo tuone," hapana. Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360; Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Jogoo wa mbegu unamjua kwa miguu iliyonyooka, macho makali na mwendo. Ulingo hauna cha kukuongezea.

Hukumu: kila jogoo na mlango wake.

1. Kumtafutia jogoo mgeni

Namba moja, na sibadilishi. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Tatizo ni mwakani: ukimwacha humo humo, atapanda mabinti zake, kisha wajukuu, nawe utaanza kuona mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu na vidole vilivyopinda. Lazima damu mpya iingie, na kwa kuchi shughuli hii ni posa kamili. Unatuma mshenga kwa mfugaji wa mbali. Mnaulizana mama yake nani na bibi yake nani. Mnapatana mahari. Halafu njia nzima unajiuliza kama amekupa jogoo au amekubambikia mdogo wake mgonjwa. Ukifika, mvalishe pete ya rangi mguuni na uandike daftarini ametoka wapi, kwa sababu baada ya vizazi viwili wote watafanana na wote utawaita "yule mwekundu."

Wakati huo huo, chotara wa jirani, kuroila, anaruka ukuta. Mbegu ya jogoo inaweza kudumu ndani ya mtetea wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo ziara ile ya dakika moja inakugharimu karibu mwezi mzima wa mayai ya kukaanga. Watenge mitetea, subiri wiki tatu kamili, ndipo uanze kukusanya ya kuatamiwa.

Hukumu: pandisha ukuta kabla hujapandisha kuku. Sasa bisha. Ila kama hoja yako inaanza na "kuroila anakua haraka," rudi namba sita ukasome taratibu.