Treni, Makalio na Mpira Wenye Nundu

Ukitaka kujua kwa nini timu yetu ya shule ilifungwa, usianze na kipa. Anza na treni.

Shule yetu ni ya sekondari, ndogo, na iko Niemba, huku Kongo, kando ya reli itokayo Kalemie kwenda Nyunzu na Kabalo. Reli hiyo ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, enzi za Wabelgiji, na tangu hapo imezeeka bila kustaafu. Treni hupita ikijisikia. Mtu wa Niemba hasemi "treni ya saa nane"; husema "treni ya wiki hii", na akishasema hivyo ujue ni mtu wa imani kubwa.

Mwaka huohuo wa 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Walizisafirisha kwa meli hadi Cape Town, wakazipandisha treni hadi Katanga, wakazivuta porini kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, wakateremka nazo mto Lualaba mpaka Kabalo, kisha wakazipakia juu ya reli yetu hii kwenda kupigana na Wajerumani ziwani. Mimi nafundisha jiografia, na kisa hicho huwa nakisimulia kila mwaka. Na kila mwaka kuna mmoja wa dawati la nyuma atakayeinua mkono.

"Mwalimu, hizo mashua zilifika?"

Zilifika. Tarehe 26 Desemba mwaka huo zilikuwa zimekwisha kuiteka meli ya Kijerumani, Kingani.

"Na sisi Nyunzu tutafika lini?"

Jina la Niemba limo pia katika vitabu vya Ireland, na huko halichekeshi hata kidogo: tarehe 8 Novemba 1960 askari wao tisa wa Umoja wa Mataifa waliuawa karibu na mto Luweyeye, na wenyeji nao wakafa. Hilo tunaliacha na heshima yake. Ila mahali palipotajwa kwa mashua na kwa msiba hapajapata kutajwa kwa mpira, na mimi, kama kocha, naona imetosha.

Ukocha nilipewa kwa sababu nina filimbi. Papa Prefe, mkuu wetu wa shule, aliingia chumba cha walimu akauliza nani anayo. Mwalimu wa hesabu alijua mpira kuliko sisi sote, alishacheza hadi Kalemie, lakini hakuwa na filimbi. Kazi ikaniangukia.

Mashindano ya shule huanza baada ya Pasaka, mvua zikipungua. Wakati huohuo ndipo wanafunzi wa darasa la mwisho wanapojiandaa kwa mtihani wa taifa, na wakati huohuo ndipo mhasibu wa shule anapokumbuka minervali, yaani karo. Tangu 2019 shule za msingi za umma nchini ni bure, lakini sekondari bado mzazi anatoa. Kwa hiyo siku ya mechi yetu ya kwanza, asubuhi na mapema, mhasibu alipita madarasani na orodha yake akawarudisha nyumbani wote wenye madeni. Katika orodha hiyo nilihesabu washambuliaji wote wawili, kiungo, na beki wa kushoto. Nikakimbilia ofisini. Papa Prefe alikuwa na karatasi mbili mezani: moja ya kuwafukuza, nyingine ya kuwaandikisha kwenye timu. Zote mbili alikuwa ameshatia sahihi, tena kwa kalamu ileile.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "kwa masomo hawapo. Kwa mpira wapo. Wapitishe nyuma ya choo."

Walicheza kwa woga, macho yao yakiwa kwenye dirisha la mhasibu badala ya goli. Tulitoka sare, na hadi leo nahesabu sare ile kama ushindi.

Sasa niuzungumzie mpira wenyewe, maana una tabia zake. Ulikuwa wa ngozi ulipozaliwa. Baadaye fundi viatu wa sokoni aliushona, akaushona tena, kisha akatia kiraka cha mpira wa baiskeli upande mmoja, na upande ule ukaota nundu. Ukipigwa kwa mguu huanza safari kwenda golini, halafu katikati ya njia hukumbuka shughuli nyingine. Penalti yetu moja ilizunguka mlingoti ikaenda kutua nyuma ya goli, juu ya mkeka wa mama mmoja aliyekuwa ameanika unga wa muhogo. Wingu jeupe likapanda. Mbuzi wawili wakatoka humo wakiwa hawajulikani rangi.

Mama yule hakupiga kelele. Aliuchukua mpira, akaufunga kwenye kitenge, akaukalia.

"Mwalimu, huu mpira ni ya nani?"

"Ni ya masomo, mama. Samahani sana."

"Basi masomo ije ilipe unga."

Mechi ilisimama. Wageni walitaka wapewe ushindi, wachezaji wangu walitaka mama ahurumiwe, na mwamuzi alitaka chakula, maana harufu ya sombe ilikuwa ikitokea nyumba ya jirani. Mwishowe Papa Prefe alimtuma mtunza stoo alete bakuli la unga wa shule. Mama akaupima kwa macho, akasema bado. Likaletwa la pili. Hapo ndipo aliposimama, na mpira ukarudi uwanjani mweupe kama mpya. Dakika chache za mwanzo ulikuwa unaonekana vizuri ajabu.

Kipa wetu anaitwa Kidiaba. Siyo jina lake, bali tangu Desemba 2010 makipa wa upande wetu wote ni akina Kidiaba. Mwezi ule TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 kule Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na kipa Robert Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka kwa makalio uwanjani. Fainali walifungwa 3 kwa 0 na Inter ya Milan, lakini hilo nani analikumbuka? Makalio ndiyo yanayokumbukwa.

Wetu alijifunza mtindo ule utotoni, akaungoja ujana wake wote upate nafasi. Nafasi ikaja tulipotangulia kufunga nyumbani. Kijana akakaa chini akaanza kuruka, moja, mbili, tatu, kutoka golini kuelekea kwenye mstari wa pembeni ambako wasichana walikuwa wamesimama. Abu Dhabi kuna nyasi. Niemba kuna changarawe. Kaptula iliachia kwenye mruko wa nne, yeye aliendelea. Wageni hawakungoja: waliweka mpira kati, mwamuzi akapuliza, wakapiga shuti refu kwenye goli tupu. Tulilalamika sana. Mwamuzi akatueleza kwa utulivu kwamba sheria inadai kila mchezaji awe kwenye nusu yake, na kipa wetu alikuwa kwenye nusu yake, ameketi.

Beki wetu wa kulia naye ni mtu wa historia. Wapinzani walipopata mpira wa adhabu, aliwaacha wenzake ukutani, akachomoka akaupiga mbali kabla hawajaugusa, kama Mwepu Ilunga wa Zaire alivyowafanyia Wabrazili kwenye Kombe la Dunia la 1974. Mwamuzi hakuwa na kadi ya njano, akamwonyesha jalada la daftari. Nilimwuliza kijana sababu. Akanijibu kwamba Mwepu mwenyewe alikuja kueleza kwamba alifanya vile kwa hasira ya kutolipwa haki zao. "Na mimi, Mwalimu, tangu asubuhi sijapewa hata maji." Nikamtuma mtu kisimani.

Lakini jeraha la msimu ni Nyunzu. Treni ya wiki hii haikutokea wiki hiyo, kwa hiyo tuliwabembeleza wachuuzi wa mihogo waliokuwa wakielekea huko na baiskeli zao. Wakakubali kubeba mchezaji mmoja juu ya kila mzigo, kwa masharti kwamba kwenye vilima mchezaji ateremke asukume. Njia ya Nyunzu ina vilima vingi kuliko nilivyowahi kufundisha darasani. Tulifika usiku, tukalala kwenye darasa, na asubuhi vijana walikuwa wakitembea kama wazee wa baraza. Hata hivyo tukafunga. Sijui vipi, nadhani nundu ilitusaidia. Ikawa 1 kwa 0 yetu, ugenini, kipa ameapishwa mbele ya wenzake kwamba hataketi.

Dakika ya 60 ikasikika honi ya treni kutoka upande wa Kabalo.

Wachezaji wote kumi na mmoja waligeuza shingo. Baiskeli zilikuwa zimekwisha kwenda zake. Mfukoni sikuwa na hata faranga za chai. Treni inayofuata ingekuwa ya wiki nyingine, au ya mwezi mwingine, na mitihani ilikuwa inakaribia. Honi ikalia mara ya pili. Sikutoa amri yoyote. Kipa ndiye aliyeanza, akavua glavu huku akikimbia, na timu ikamfuata kupitia katikati ya watazamaji hadi stesheni, viatu mkononi, mimi nyuma na mpira wenye nundu kwapani. Tukapanda behewa la mizigo juu ya magunia. Tukapigwa forfe: 3 kwa 0, imeandikwa, ina muhuri.

Treni ikakaa palepale Nyunzu mpaka jua likatua, injini ikitengenezwa. Tulikuwa tunawasikia wenyeji wakiimba. Baadhi yao walikuja stesheni kutuuzia karanga.

Nisipowataja wasichana nitakuwa mnafiki. Timu yao ya hendiboli haikupoteza mchezo hata mmoja nyumbani, na mpira ni uleule. Nundu inayoutia wazimu mguuni, mkononi huwa mshiko mzuri. Kapteni wao huingiza vidole vitatu pale kwenye kiraka akarusha, na kipa wa upande wa pili huchagua maisha. Zawadi yao ilikuwa mbuzi. Kamati ya wazazi ikaamua apikwe kwa ajili ya "timu zote za shule", na bukari, yaani ugali, ilipopakuliwa wavulana, ambao hawakushinda kitu, wakawa wa kwanza kunawa mikono. Wasichana walibaki na mchuzi. Mimi nililisema siku ile na nalirudia hapa: ilikuwa aibu. Kapteni hakubishana na mtu. Kesho yake mpira ulihamia chini ya kitanda chake, na mpaka leo wavulana wakitaka mazoezi wanakwenda kubisha hodi kwa adabu, wakiwa wamefagia uwanja kwanza.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipata bahati ya kusafiri kwa treni kutoka Kalemie, na una mpira namba 5 uliochoka lakini bado ni duara, tafadhali utupe dirishani ukipita Niemba. Treni haiendi mbio, huwezi kutukosa. Ila uandike juu yake kwa wino mzito kwamba ni wa wavulana, la sivyo kapteni wa hendiboli ataudaka yeye.