Yah: Maombi ya Kuharakishiwa Joto

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati inayopanga sura ya mji wetu mdogo,
Kando ya barabara ya Lusahunga–Rusumo,
Mkoa wa Kagera.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Ngara na mkazi wa mji wenu. Nimerejea hivi karibuni kutoka Muscat, Oman, nilikokaa miaka mitatu nikimuuguza shangazi yangu, aliyeolewa huko akitokea Biharamulo kabla mimi sijazaliwa. Naandika kwanza kuwapongeza. Nilipoondoka, stendi yetu ilikuwa na miembe minne. Niliporudi nimekuta mmoja, na shina lake limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Pale ilipokuwa mitatu mmetandaza pevingi hadi ukingoni mwa mtaro, na katikati mmesimamisha bango zuri la chuma linalosema TUNZA MAZINGIRA. Bango hilo lina kivuli. Nimekipima: kinatosha kuku mmoja, asiwe na vifaranga.

Nakiri nilirudi na wasiwasi. Mtu aliyevumilia joto la Muscat misimu mitatu ana ujuzi, na nilijiuliza ujuzi huo nitautumia wapi katika nchi ya ukungu. Mmeniondolea wasiwasi. Nimeona wazi kwamba mmeamua kutuletea Muscat hapahapa nyumbani, yote isipokuwa mafuta yake. Kwa hiyo naomba kutoa ushauri wa kitaalamu, bila posho.

Kilichoniponza mimi ni neno kiangazi. Kwetu kiangazi ni Juni hadi Agosti: mvua zimekata, maharage yameanikwa uani, asubuhi ukungu umelala bondeni kando ya Ruvubu, na mtu anakwenda shamba amevaa sweta. Shangazi aliponiambia kwenye simu, "Njoo mwanangu, ila utafikia kiangazi," nilifungasha sweta mbili. Nilifika Muscat usiku, mwezi wa Juni. Milango ya uwanja wa ndege ilipofunguka, ilikuwa kama kufunua sufuria ya ndizi huku umeinamisha uso. Miwani iliingia ukungu papo hapo, nikatoka nje ya jengo nikipapasa kama kipofu, sweta mkononi.

Dereva wa teksi alinitazama nikihema, akacheka. "Wewe Mwafrika, joto umelizoea!" Nilikosa nguvu za kumjibu. Ngara iko nyuzi mbili na nusu tu kutoka Ikweta, na usiku wa Juni tunalala na mablanketi mawili. Muscat iko zaidi ya nyuzi 23 kaskazini mwa Ikweta, na Juni ndiyo jua la utosini kwao. Ikweta peke yake haimpiki mtu. Kinachotuokoa sisi ni vitu vitatu: mwinuko, mvua na miti. Mwinuko hamuwezi kuuondoa, ingawa nimeona greda. Mvua haimo kwenye bajeti yenu. Imebaki miti, na hapo ndipo kazi yenu inapoonekana.

Sasa niwape uzoefu, mjue wananchi wanaelekea wapi.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa Ruwi, mtaa uliozungukwa na milima ya mawe matupu. Milima ile hushinda ikipokea jua na hukesha ikilirudisha. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kuoga. Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni: "Usiguse bomba la buluu, litakuunguza!" Nikadhani umri umeanza kumchezea. Nikafungua la buluu, nikaruka hadi kwenye pazia. Tangi la maji liko juu ya paa, linapikwa na jua kutwa, na bomba la baridi linanywa moja kwa moja kutoka huko. Lakini hita ya maji iko ndani, karibu na dari la bafu. Umeme wake huzimwa kuanzia mwezi wa tano, maji yakatulia humo yakapoa kwa ubaridi wa nyumba. Hivyo anayetaka maji ya baridi hufungua bomba jekundu. Miezi minne mizima ukoo wetu uliishi kinyume na rangi. Kwa kuwa hapa mjini nimeona matangi meusi yamepanda juu ya mapaa ya bati, naomba wananchi waelimishwe mapema.

Mengine nilijifunza polepole. Kazi ya nje imalizike kabla ya saa mbili asubuhi. Mapazia mazito yafungwe jua likiwa bado changa, maana joto likishaingia ndani halitoki kwa kubembelezwa. Maji yanywewe kabla ya kiu, na mtindi utiwe chumvi kidogo kurudisha ile iliyotoka kwa jasho. Matembezi ni usiku: saa nne usiku ufukwe wa Muttrah umejaa watoto kama stendi siku ya gulio. Na gari haliegeshwi mlangoni, huegeshwa kivulini. Nimemwona mtu mzima mwenye gari la thamani ya shamba zima la kahawa akilisogeza mbele na nyuma, shibiri kwa shibiri, ili kivuli cha nguzo ya taa kiangukie usukani.

Zile sweta zangu? Nilizivaa dukani. Kwenye maduka makubwa viyoyozi huvuma kana kwamba wanauza nyama peke yake, na wanawake hubeba shali kwenye mikoba wanapokwenda kununua nyanya. Unatetemeka ndani, unaungua mlangoni, unapika ubongo njiani. Na kila kiyoyozi kinachompoza mtu ndani kina sanduku lake nje linalomtemea jirani joto. Baridi yao ni ya kuhamisha tu: mwenye fedha hulisukuma fukuto barabarani, asiye nazo hulipokea.

Waheshimiwa, naomba mtulie na hili linalofuata.

Mbele ya dirisha la Shangazi kulikuwa na jengo linajengwa. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, na nchi nyingine za Ghuba zina amri kama hiyo kwa saa zao. Ikifika saa sita na nusu, mafundi walishuka kwenye majukwaa na kuvuka barabara kwenda kwenye mwarobaini mmoja, wa pekee mtaa ule. Niliwahesabu siku nyingi: kumi na mmoja. Walitandika maboksi, wakalala. Kivuli kiliposogea nao walisogea, wakiburuta maboksi bila kufumbua macho, kama watu wanaofuata mtumbwi. Ilipofika saa tisa walikuwa wamehamia mashariki mwa shina. Sheria iliwapa saa tatu. Mahali pa kuzitumia walipewa na mti.

Na mti wenyewe ulikuwa na mpira wa maji umelazwa mizizini, ukidondosha tone moja moja mchana na usiku, kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Miti mingi ya barabarani kule huishi hivyo. Nchi tajiri inalipa fedha taslimu kila siku ili mwarobaini mmoja usife. Siku nilipomsimulia Shangazi kwamba kwetu mwembe huota kutokana na kokwa aliyoitema mtoto wa shule, alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza kama ule wa karibu na boma la Wajerumani pale Biharamulo bado upo. Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimepita hapo mara mia.

Nataka pia wajumbe wauogope usiku, si mchana. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat, pwani si mbali na Muscat, kwa saa 24 kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku wa manane. Mwili huvumilia mchana mkali kwa ahadi kwamba usiku utapumzika. Ahadi ikivunjwa siku kadhaa mfululizo, moyo wa mzee hushindwa. Agosti 2003 Ufaransa ilizika takriban watu 15,000 kwa joto, wengi wao wazee. Na huko Paris waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wa vyumba vya juu kabisa, chini ya mapaa ya zinki. Zinki, waheshimiwa. Ni binamu wa bati.

Kutokana na maelezo hayo, naomba yafuatayo:

(a) Mwembe uliobaki ukatwe haraka. Vijana wa bodaboda wamejizoesha vibaya: jua likikolea wanaegesha chini yake na kungoja abiria bila amri ya wizara yoyote. Mama wa mihogo naye anakaa hapo na mwanawe mgongoni. Huu ni uzembe unaolelewa na kivuli.

(b) Nyumba zote mpya zielekezwe magharibi, ziwe na madirisha ya vioo na alminiamu kuanzia sakafuni, na zisiwe na baraza. Kuta nene na varanda ni ushamba wa boma la Wajerumani na msonge wa bibi. Sisi tuna dari la jipsamu, ambalo halizuii joto sana lakini linapendeza kwenye picha.

(c) Kila kaya ianze kuweka akiba ya uniti za umeme za LUKU kwa ajili ya kiyoyozi. Tulichokuwa tunapata bure kwa kufungua dirisha tukinunue kwa tokeni, ndipo kitaingia kwenye takwimu za maendeleo.

(d) Siku ya kupanda miti iendelee kama kawaida. Mgeni rasmi apande mche palepale alipoupanda mwaka jana. Shimo lipo.

(e) Mwananchi atakayetamani kuuona mti mkubwa aelekezwe Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 na haiko mbali nasi. Kiingilio analipa getini.

Nilipoyagusia haya kwa mdomo pale stendi, mjumbe mmoja alinijibu kwamba niache kelele, kwani mwaka 1994 miti iliisha Ngara yote na hatukufa.

Nimelala na jibu hilo siku kadhaa. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa jiji la maturubai, na vilima vilivyoizunguka vikanyolewa kwa kuni. Nani angemnyima kijiti mama aliyevuka mto ule, kwa kile alichokiona akiwa njiani? Mti wake ulichemsha uji wa mtoto. Kila gogo lililoanguka mwaka ule lina jibu ukiliuliza liliangukia nini. Miembe yetu mitatu imechemsha nini? Nimeuliza, nimeambiwa palihitajika nafasi ya bango.

Shangazi alifariki Machi mwaka huu, kabla joto halijaanza, na kwa hilo namshukuru Mungu. Mwezi wake wa mwisho alinituma kitu kimoja tu nikifika nyumbani: nikasimame karibu na boma kuangalia ule mwembe, nimpigie simu. Nilikwenda, ingawa wa kumpigia hayupo. Sitawaambia nilichokikuta. Ni mwendo wa saa chache kwa basi, na kamati ina fungu la safari za mafunzo.

Naambatanisha sweta moja, ya kijani, iliyovaliwa Ngara kila Juni na Muscat kwenye duka la nyanya. Itunzeni kwenye faili. Mradi wenu ukikamilika hakuna atakayeihitaji tena hapa. Ila mkibadili mawazo kuhusu ule mwembe, naomba nirudishiwe kabla ya kiangazi. Kile cha kwetu.

Naomba kuwasilisha.

Ndimi mtiifu kwenu,
Mkazi wa mji wenu, mtaalamu wa joto.

Nakala:
Fundi rangi aliyepiga X — asubiri kidogo.
Vijana wa bodaboda — kwa taarifa.
Mwembe wa stendi — kwa taarifa.