Betri Imekufa Hiyo, Bosi

Mtaani kwetu Tabata, ukitaka kujua mafundi umeme wa magari wako wangapi, gari lako na likatae kuwaka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hujafungua boneti wameshafika. Hakuna mwenye bisibisi, ila jibu kila mtu analo.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. Aliisikia stata ikilia tik-tik-tik kutoka ng'ambo ya barabara, akatoa hukumu hata hajashuka kwenye pikipiki: "Betri imekufa hiyo, bosi. Nunua nyingine." Mzee mwenye nyumba, dereva mstaafu wa malori, akapinga: tatizo ni stata, na dawa yake nyundo. Nyundo ikaletwa. Wa tatu akataka tulisukume. Nikamwambia gari ni otomatiki. "Tusukume tu, kaka," akanijibu, "huenda likajisahau."

Boneti ilipofunguliwa, teminali chanya ilikuwa imevaa unga mweupe uliochanganyika na ukijani. Mmoja akakimbilia soda ya kuimwagia. Aliyetuokoa ni mama ntilie wa pale kona: alikoroga magadi yake ya maharage kwenye maji kidogo, akasugua kwa mswaki uliochakaa. Povu likachemka, risasi ikang'aa. Mambo ya volti na ampia hayamhusu. Anachojua ni kwamba magadi hukata ukali wa asidi, na kwamba wateja wake wanasubiri. Alirudi jikoni bila kutoa hukumu yoyote. Asubuhi ile, alikuwa peke yake.

Jirani akatubustia, gari likaunguruma, watu wakapiga makofi. Ndipo shemeji, aliyekuwa ameliazima gari wiki nzima, akaja na kipimo chake: "Chomoa waya wa hasi huku linaunguruma. Likizima, altaneta mbovu. Lisipozima, betri mbovu." Nikasimama mbele ya betri kama golikipa anayesubiri penalti. Kipimo hicho kilikuwa na heshima yake enzi za kabureta. Kwenye gari lenye kontroli boksi, ukiinyang'anya altaneta betri ghafla, volti zinaruka juu, na kitakachoungua hapo kitakufanya uililie hata bei ya betri mpya.

Fundi niliyempigia simu alifika na mita ndogo ya mkononi, akasalimia, kisha akanyamaza. Ukimya ule uliwaudhi wengi. Akagusisha nyaya za mita kwenye teminali, injini ikiwa inaunguruma: volti 12.1. Altaneta nzima ingekuwa inasukuma kati ya 13.8 na 14.4. "Betri haijafa," akasema. "Hailishwi."

Kisha akachungulia dashibodi, akakwangua kwa ukucha kipande cha tepu nyeusi kilichobandikwa pembeni ya spidomita. Chini yake taa nyekundu ya betri ikatukodolea macho. Wote tukamgeukia shemeji.

"Usiku ilikuwa inaniumiza macho," akasema.

Altaneta ilipofunguliwa, kaboni zake zilikuwa zimelika hadi hazigusi vizuri zinapotakiwa kugusa. Zikawekwa mpya, mita ikasoma 14.2. Betri ikachajiwa, kesho yake asubuhi, kabla ya kupiga stata, ilisoma 12.6. Ndiyo betri ile ile iliyokwisha kutangaziwa msiba. Kijana wa bodaboda alipopata habari alitikisa kichwa kwa ushindi: "Si nilisema ni umeme?"

Ndugu msomaji, kabla hujampa mtu hela ya betri mpya, dai vipimo vitatu. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa isome karibu na 12.6, ikikaribia 12, chaji imekwisha. Wakati wa kupiga stata, isiporomoke chini ya 10 hivi. Injini ikiunguruma, ipande hadi 13.8 au zaidi. Kama kipimo hiki cha mwisho ni kibaya, betri mpya nayo itakufa kama ya zamani. Shughulika kwanza na altaneta, mkanda wake na nyaya zake. Kama ni kizuri, na betri hata ikichajiwa ikajaa bado inashindwa viwili vya mwanzo, hapo nenda dukani.

Na ukimwazima shemeji gari, siku ya kulirudisha kagua dashibodi kabla ya kumkaribisha chai.