Bonyeza F1

Shemeji yangu ana steshenari Magu mjini, kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Musoma. Roho ya duka lile ni kompyuta moja ya mezani, mtumba, yenye umri wa kuheshimika. Ilikuwa na ramu ya gigabaiti 2, ikamtosha miaka yote, hadi maombi ya Bodi ya Mikopo yalipofunguliwa. Hapo inabidi ufungue tovuti ya Bodi, ufungue na ya RITA kwa uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, na nyuma yake kuna barua ya mtu mwingine inayosubiri kuprintiwa. Mashine ikawa inanyamaza tu, kiduara kinazunguka, na foleni ya vijana waliomaliza kidato cha sita inafika hadi kwa muuza miwa.

Shemeji akapanda haisi kwenda jijini, akarudi na ramu nyingine ya gigabaiti 2 ndani ya bahasha, akaichomeka mwenyewe. Ramu ilikuwa yenyewe kabisa. Hapa wengi huumia, maana za DDR2 na za DDR3 zote zina pini 240, urefu ni uleule, ila kile kipengo cha chini kimesogezwa kidogo ili ya huku isiingie kule. Kosa halikuwa la muuzaji. Shemeji aliichomeka kwa upole wa mtu anayelaza mtoto, na ramu haijui upole. Inataka ikandamizwe mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe, ka! Alipowasha, skrini ikabaki nyeusi, na kutoka tumboni mwa mashine ukatoka mlio mrefu. Kimya. Mlio mrefu tena.

Magu hatuna uhaba wa washauri. Kijana wa bodaboda alisema kifaa kipya hakikimbizwi, kiachwe kwanza kizoee. Jirani anayechaji simu alitaka izimwe iwashwe, ikazimwa, ikawashwa, ikalia vilevile. Mwalimu mmoja mstaafu aliyeleta kitambulisho kitolewe kopi akakumbusha kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. "Wazee waliona mbali," alisema, akaomba kopi mbili.

Mimi niliitwa kwa sababu ukoo mzima unaamini nilisomea kompyuta. (Nilisomea uhasibu. Nimeacha kukanusha.) "Shem, njoo, mashine inalia." Nilifuta meno ya ramu kwa ufutio wa penseli, nikaikandamiza kwa vidole gumba viwili, vibanio vikaitika. Ikawaka, na watu wakapiga makofi.

Makofi yakakatika. Juu ya skrini nyeusi yalitokea maandishi meupe ya Kiingereza: kiasi cha kumbukumbu ya mfumo kimebadilika, bonyeza F1 kuendelea, F2 kuingia kwenye mipangilio. "Kimebadilika?" Shemeji aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa. "Si ndicho nilichokinunua?"

Ndicho. Mashine haikuwa inalalamika. Kila ikiwaka huhesabu ramu iliyomo, kisha hulinganisha na hesabu iliyojiandikia zamani. Ikikuta 4 palipoandikwa 2, hutoa taarifa. Unaingia kwenye mipangilio, unahifadhi, unatoka, na habari imekwisha. Nikafanya hivyo. Kesho yake asubuhi taarifa ileile. Keshokutwa pia.

Shemeji akaanza kusema ramu ni mbovu na muuzaji lazima atafutwe. Ndipo dada anayeshinda dukani, bila kuinua macho kwenye mashine ya laminesheni, akasema, "Mbona hii huwa inaandika kila siku? Mimi nabonyeza tu F1." Nikatazama kibodi. Herufi nyingine zote zilisomeka, ila F1 ilikuwa imefutika maandishi, imebaki nyeusi inayong'aa.

Kumbe maneno hayakuwa haya; zamani yalikuwa ya saa na tarehe. Hakuna aliyewahi kuyasoma, kwa kuwa hayakuwahi kugharimu kitu. Ile hesabu ya ramu, pamoja na saa, hutunzwa na kibetri bapa cha volti 3, CR2032, kilichokaa kwenye ubao mama. Cha shemeji kilikufa kitambo. Mchana mashine ilikumbuka kwa hisani ya TANESCO. Jioni shemeji, ili kuokoa luku, alizima umeme wote kwenye swichi kuu, na asubuhi kompyuta iliamka ikiamini ni tarehe 1 Januari 2008.

Dada husahihisha tarehe kwa kutazama simu yake. Siku zenye watu wengi husahau. Siku hizo tovuti zinakataa kufunguka, zikidai muunganisho si salama, na lawama zote huenda kwa mtandao. Kuna kijana alitoka pale na barua ya kuomba kazi yenye tarehe ya 2008, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa anajifunza kutembea.

Betri tuliipata kwa fundi saa sokoni, kwa bei isiyofikia sahani ya ugali na sato. Tukaiweka, tukapanga saa, tukahifadhi. Asubuhi mashine ikawaka kimya kimya hadi kwenye picha ya mbele. Dada akabonyeza F1 hata hivyo.

Shemeji hakuridhika. Alitaka kuiona mali yake kwa macho, nikamfungulia pale inapoandikwa: ramu iliyomo gigabaiti 4, inayotumika 3.2. Nikamweleza kwamba Windows yake ni ya biti 32, kwamba inaweza kutaja anwani 4,294,967,296 basi, na kwamba sehemu ya anwani hizo hutengewa kadi ya picha na vifaa vingine. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia muuzaji wa jijini kumdai pointi nane.